Bei ya Sura ya Severina

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni Singida mjini lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Calist, mchoraji wa kuta, alisimama na ndoo yake ya rangi nyeupe akisubiri kulipa, akamsikia mwanamke aliyekuwa mbele yake akiagiza rangi ya pinki ya kupaka mgahawa wake.

"Dada, pinki na moshi wa kuni havipatani," akasema.

Mwanamke akageuka. Alivaa gauni la kitenge cha njano na sweta zito juu yake, maana upepo wa Singida haumwonei mtu haya. "Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ushauri natoa bure. Bei inaanza nikishika brashi."

Akacheka. Aliitwa Agripina, wa Ilongero, na kabla hawajatoka dukani walikuwa wameshabadilishana namba za simu.

Calist alienda Ilongero kumpimia ukuta wa mgahawa, akamweleza mahesabu yake bila kuficha. Maua na ndege vinakwenda kwa mita. Plasta mbovu inaongeza gharama. Sura ya mtu inahesabiwa peke yake, laki mbili, kwa sababu ua halina ndugu wa kulalamika. Akamchorea alizeti ukuta wa nje, na kazi ya siku chache ikavutwa mpaka majirani wakaanza kutabasamu. Jioni zikawa za simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila si ugali wako."

"Muongo wewe. Ugali wangu jana uliuacha nusu."

"Nilikuwa nakutazama. Mtu atakulaje?"

Walipendana kweli, tena kwa utulivu wa watu wazima.

Siku moja Agripina akamwekea mezani picha ndogo ya kitambulisho, imefifia. "Nataka umchore mama, ukuta wa ndani. Hapa ndipo aliponilea kwa kuuza uji."

Mama yake, Severina, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Calist akaitazama picha, akakumbuka ya zamani. Aliwahi kumchorea mjane mmoja sura ya marehemu mumewe. Mjane aliitazama, akalia, akaamuru ifutwe, na tangu hapo hakumsalimu tena. Je, Agripina naye akimgeuzia uso?

Wachoraji wa kuta hawamwambii mteja hapana. Humtajia bei asiyoiweza, akaondoka mwenyewe bila mtu kuaibika. Mazoea yakamponyoka Calist mdomoni. "Hiyo ni laki tisa."

"Laki tisa. Kwangu mimi?"

"Ndiyo bei yake."

Agripina akairudisha picha mfukoni taratibu. "Sawa, fundi."

Tangu wapendane hakuwahi kumwita fundi. Calist akapiga simu usiku, haikupokelewa. Kesho yake ikapokelewa.

"Agri, mpenzi, nisikilize."

"Nina wateja, fundi." Ikakatwa.

Wiki ikapita. Asubuhi moja Agripina akatokea kwenye kibanda cha Calist mjini, akafungua pindo la khanga, akamwekea noti mbele. "Laki tisa. Nimeuza ng'ombe wa mama mnadani, yule mtamba."

Calist alimjua mtamba yule. Ndiye pekee aliyebaki kwenye zizi la marehemu. Akainuka. "Kamrudishe, Agri. Nitakupeleka sasa hivi."

"Ameshapakiwa kwenye lori. Ameondoka."

"Ile haikuwa bei. Nilikuwa nakataa. Sisi tukikataa tunapandisha. Niliogopa nimkosee mama yako, usitake kuniona tena."

Agripina akazitazama noti zake. Hasira ilikuwepo, na uchungu pia. "Ungeniambia unaogopa. Ningekuelewa. Umeniacha nimuuze ng'ombe wa mama kwa sababu ya aibu yako."

"Nisamehe."

"Sijui kama naweza leo." Akahesabu laki mbili, akaziacha, zilizobaki akazifunga. "Hiyo ndiyo bei yako. Njoo uchore."

Kule mgahawani Calist akachora kwa moyo wote, Agripina akipita na sahani bila kumsemesha. Alipomaliza alimwita, akasimama pembeni.

Agripina akatazama. "Siyo yeye," akasema.

Calist akainama kuchukua rangi nyeupe ili aifute.

"Weka chini. Mdomo ni wake. Paji la uso ni lake. Macho ndiyo hayapo." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Hili ndilo uliloliogopa, Calist? Basi limetokea. Mbona sijaondoka?"

Calist alilia tu, mtu mzima, mbele ya wanywa chai.

"Nataka kwenda Mungaa kwa baba yako mdogo," akasema hatimaye. "Niende na wazee wangu, nikuposee."

"Utaenda. Kwanza kamilisha kazi." Agripina akavuta benchi, akaketi chini ya picha, akainua uso. "Wote husema macho yake ndiyo haya yangu. Acha kuyakwepa. Nitazame mpaka uyapate."