Vifungo vya Magauni ya Wauguzi

Kila Jumamosi asubuhi mama alifungua dirisha la chumba cha mbele, akafuta vumbi kwenye cherehani, akatia tone la mafuta, kisha akainamisha kichwa na kusali sala fupi. Hakuna aliyefungua kinywa mpaka aseme amina. Ndipo gurudumu lilipoanza kuzunguka, nasi watoto tukajua siku imeanza. Mpaka leo nikisikia cherehani ikilia mahali, nanusa yale mafuta.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yangu ilikuwa vifungo. Mama alinifundisha mwenyewe: uzi upite kila tundu mara nne, uzungushwe shingoni mwa kifungo mara tatu, ndipo upige fundo. Nyumbani waliniita Chiriku, maana niliimba tangu kupiga mswaki hadi kulala. Kanisani nilikuwa nimechaguliwa kuongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya watoto, na kusema kweli kichwa kilikuwa kimeanza kuvimba.

Wiki moja mama alishona magauni kumi na mawili meupe ya wauguzi wa wodi ya watoto, kila gauni vifungo saba. Mazoezi ya kwaya yalikuwa Jumamosi saa nane mchana. Saa saba nilikuwa bado na magauni sita. Nikamwomba mama nimalizie Jumatatu, akasema yanachukuliwa jioni ile ile.

"Lakini mama, nakwenda kumwimbia Mungu," nikamwambia.

Akasema nimalize kwanza.

Nikamaliza, tena upesi wa ajabu. Uzi mara moja, fundo moja, kifungo kingine. Kwa macho vilifanana na vile vya kwanza. Mama alikuwa na mteja mlangoni, hakukagua, aliniamini. Nikatoka mbio, na siku hiyo niliimba mpaka mwalimu wa kwaya akanisifu mbele ya wenzangu.

Jumatano nilirudi kutoka shule nikamkuta muuguzi ameketi kwenye kiti cha wateja, gauni lake limekunjwa mapajani. Hakupandisha sauti. Alifungua kiganja, akaweka kifungo mezani. Alisema kilidondoka alipoinama kumbadilisha nepi mtoto wa miezi minane. Hakukiona, mpaka mtoto alipokuwa amekitia kinywani na kuanza kupaliwa, uso ukibadilika rangi. Akampindua haraka, akampiga mgongoni kati ya mabega, kifungo kikatoka. Mtoto alikuwa mzima.

Mama alilifunua gauni, akautazama ule uzi uliobaki. Aliujua mkono ulioushona. Hata hivyo hakunigeukia.

"Nisamehe, dada," alisema. "Kosa ni la fundi."

Fundi alikuwa yeye. Ningeweza kunyamaza, na mambo yangeishia hapo. Lakini kumwona mama yangu ameinamisha kichwa kwa ajili yangu kulinichoma kuliko fimbo.

"Si mama, ni mimi," nikasema. "Magauni sita ya mwisho niliyalipua ili niwahi kwaya."

Muuguzi akaahidi kuyaleta yote sita.

Aliyaleta kesho yake, nami nikakaa kitako dirishani. Jioni hiyo kulikuwa na mazoezi, sikuyataja. Mama alivuta kiti karibu yangu bila kushika sindano. Nilingoja anigombeze, wapi. Nilipofika gauni la tatu ndipo aliponiuliza polepole:

"Jumamosi uliniambia unakwenda kumwimbia Mungu. Na hivi vifungo, ulikuwa unamshonea nani?"

Nikajibu kwamba wauguzi.

"Bwana Yesu alishika randa miaka mingi kuliko aliyohubiri," akasema. "Wewe unadhani meza zake ziliyumba?"

Nikacheka huku machozi yakinidondoka juu ya kitambaa cheupe, naye akaniambia nijipanguse nisiharibu kazi.

Muuguzi aliporudi, mama alinisogezea magauni nimkabidhi mwenyewe. Muuguzi akavuta kifungo kimoja kwa nguvu, akavuta kingine, na kingine tena. Havikutikisika. Akanishika bega, akaenda zamu yake.

Mama alisimama akimtazama mpaka alipopinda kona.

"Ibada haianzii mlangoni mwa kanisa, mwanangu," akasema. "Wimbo wako Mungu anaupenda, usiache kuimba. Lakini kuna mtoto wodini ambaye wimbo wako haumfikii, fundo lako linamfikia. Ukiifanya kazi vizuri hata pale ambapo hakuna wa kukukagua, hapo umemwabudu Mungu kweli."

Kisha akanipa ufagio.

"Haya, zoa hivi vipande vya uzi. Na chini ya meza pia, Mungu anapaona."