Kijiti cha Kuvukia

Jua lilikuwa linazama mama aliponituma ng'ambo ya mto Lawa nikamwite kaka yangu, Takwali.

"Mwambie mtoto wake hanyonyi," alininong'oneza. "Macho wazi, wala halii."

Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijakauka. Kwetu Wayana, mwenye mtoto mchanga kiasi hicho hashiki shoka wala haingii msituni, kwa sababu roho ya mtoto humfuata baba yake. Akilazimika kwenda, kila kijito anachovuka hulaza kijiti, ili mdogo naye apate pa kupita.

Nilimkuta Takwali akipakia kuni mtumbwini.

"Ulivuka kijito?"

"Nilivuka."

"Ukalaza kijiti?"

Akacheka. "Msomi mzima wa Cayenne, bado unaamini vijiti?"

"Kaka. Mtoto halii."

Kicheko kilikatika.

Tulirudi hadi kwenye kijito, kukimbia nusu, kutembea nusu. Chini ya miti giza lilikuwa limeshaingia. Takwali alikata kijiti chembamba, akakilaza juu ya maji, akaita kwa sauti ya kubembeleza:

"Njoo, baba. Njoo twende kwa mama."

Kimya...

Kisha kijiti kikapinda.

Kilipinda katikati, polepole, mpaka kikagusa maji. Hapakuwa na kitu juu yake.

"Roho ya mtoto ina uzito huo?" nilinong'ona.

"Nyamaza. Usigeuke."

Harufu ya tope na muhogo uliooza ilitupita. Nyuma yetu majani makavu yalikanyagwa... tsak... tsak... Hatua ndefu.

Mtumbwini, upande wa nyuma ulizama hadi maji yakachungulia ndani. Hakuna aliyekaa kule. Takwali alipiga kasia bila kugeuza shingo, machozi yakimtiririka.

Kabla hatujafika ukingoni, mtoto alilia. Mama alipiga vigelegele. Tulipoingia, Alimina, mke wa kaka, alikuwa kwenye kitanda cha kamba, mtoto kifuani, ameuma meno kwa maumivu.

"Ananyonya, wifi," aliniambia. "Lakini ananiumiza. Hakuwa na nguvu hizi."

Ndipo tukasikia.

Ng'ambo ya mto, upande wa kijito, kitoto kilikuwa kinalia. Sauti nyembamba, iliyochoka, ikiishia na kwikwi ile ile niliyoizoea tangu siku aliyozaliwa.

Takwali alishika nguzo ya nyumba. Alimina akainamisha uso, taratibu, kumtazama aliyempakata.

Alikuwa ameacha kunyonya.

Naye alikuwa anasikiliza.