Kaa wa Kemem ya Kora

Mwanangu Kora alikuwa anatimiza mwaka. Kwetu Visiwa vya Marshall, siku hiyo tunafanya kemem, karamu ya kula mpaka mkanda ulegee. Wageni mia mbili walikuwa wanakuja Jumamosi.

Jumatano shemeji yangu Lanej alishuka kwenye meli na sanduku kubwa. Alikuwa ametoka Bikini, kisiwa cha wazee wetu ambako Wamarekani walijaribia mabomu ya nyuklia, alikofanya kazi miezi sita. Ndani ya sanduku walijaa kaa wa minazi, wakubwa, wenye mafuta.

"Shemeji Neijon, karamu hiyo!" alisema.

"Weka chini kwanza," nikamwambia. "Wamepimwa?"

Lanej alicheka. Akatoa kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia mionzi, akakipitisha juu ya magamba. Tik. Tik. Kimya. Tik.

"Umesikia? Wasafi. Wewe una shaka hata na kivuli chako!"

Ni kweli nina shaka. Mama yangu alipimwa mionzi na wageni wa ng'ambo tangu utotoni. Walimpima, wakaandika, wakaondoka na karatasi. Hakuambiwa kitu mpaka anakufa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jirani yetu Tarina alisikia kelele, akaja. Yeye hufanya kazi kwenye kituo cha kupima mionzi.

"Kaka Lanej, hicho kifaa hakifai kupimia chakula," alisema. "Kinasikia mionzi iliyo nje. Seziamu, sumu ya mionzi iliyoachwa na mabomu, imo ndani ya nyama."

"Mabomu ya zamani hizo?" Lanej aliguna.

"Ndiyo. Mengine yalilipuliwa chini ya maji, mengine juu. Seziamu iliingia kwenye udongo. Mnazi unaivuta, kaa anakula nazi, wewe unakula kaa."

Nikamkazia macho. "Na wewe nani anakulipa, binti? Mwisho mtatuambia maneno tusiyoyajua, halafu basi."

"Maneno ni mawili tu, dada. Bekereli inahesabu mionzi inayotoka kila sekunde. Tunasema bekereli ngapi katika kilo moja ya chakula. Sivati inaeleza mionzi hiyo inaweza kuudhuru mwili wako kiasi gani. Bekereli ni za chakula, sivati ni zako wewe. Na kwa mtoto tunafanya hesabu yake mwenyewe."

"Nitakuja nione kwa macho yangu. Kaa nitambeba mimi."

"Njoo," alisema. Hakukasirika, na hilo nalo likanitia shaka.

Alhamisi nilimbeba kaa mwenyewe mpaka kituoni. Nilisimama pale wakati nyama inasagwa, inapimwa uzito, inawekwa ndani ya mashine yenye kuta nene za madini ya risasi, zinazozuia mionzi ya nje. Sikuondoka hata kwenda haja. Namba ikatoka. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kikomo kinachoruhusiwa kwa chakula. Nikawaza kinywa cha Kora.

Lanej, aliyekuwa amenifuata, akauliza polepole, "Na mimi niliyewala miezi sita?"

Tarina alimkalisha kwenye kiti cha kupimia mwili mzima, dakika kumi na tano. Seziamu ilikuwamo.

"Usiogope," alisema. "Mwili huitoa kidogo kidogo. Ukiacha kula, baada ya miezi mitatu hivi itabaki nusu. Urudi nikupime."

Tuliwapeleka kaa wote waliobaki kituoni, tukawaacha huko. Jumamosi tulikula jodari, nguruwe na mashelisheli. Shangazi mmoja alilalamika, "Kemem gani hii bila kaa?"

"Nenda kawale kituoni," Lanej akamjibu, "wanazo bekereli za kukutosha."

Baada ya miezi mitatu Lanej alikaa tena kitini. Namba ilikuwa imeshuka karibu nusu. Tarina akampa karatasi yenye jina lake, kwa lugha yetu. Niliisoma mara mbili, nikamwomba Tarina ampime upya. Akampima. Namba ileile.

Mwezi uliopita wageni wa ng'ambo, kama wale waliompima mama, walikuja kutupima na vifaa vyao vipya vinavyong'aa. Nikawasimamisha mlangoni, Kora kiunoni.

"Mnapima bekereli au sivati?" niliuliza. "Katika kilo ya nini? Na karatasi inabaki kwa nani?"

Mmoja akaanza kupekua makaratasi yake. Nikawaambia wakipata majibu waje, chai ipo.