Somo la Kesho

Rafiki yangu Wangechi anaongoza idara ya Kiingereza kwenye chuo kimoja hapa Nakuru. Wahadhiri wakiacha kazi haletewi wengine, kwa hivyo anafundisha madarasa yao yote, hadi sauti imemkauka. Akilalamika, mkuu wa chuo humwambia, “Jipange tu, madam.”

Alasiri moja mvua ilifunga na stima ikapotea. Alipoenda kuchukua projekta darasani, akasikia mtu akifundisha ndani.

“Nani tena ameingilia chumba changu?”

Akasogea mlangoni. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, imekauka vilevile, ikifundisha somo lake la kesho. Akazungusha kitasa. Sauti ikakatika katikati ya sentensi. Ndani hapakuwa na mtu, giza tu.

Kesho yake, akifundisha somo hilo, alipofika kwenye sentensi ileile, kitasa kilizunguka kutoka nje, naye akanyamaza.