Nikupokee, Dada?

Jioni hiyo Mama Kipusa alitoka kwa dobi mgongo ukiwa hautamaniki. Tangu asubuhi alikuwa amepiga pasi mashuka themanini na mawili ya nyumba ya wageni, peke yake, maana mwenzake hakutokea kazini. Mashine ya kukamulia nayo ikagoma, akakamua kwa mikono. Na bado siku yake haijaisha. Sehemu ngumu ilikuwa inamsubiri getini mwa shule.

"Umechelewa, dereva," alisema Kipusa. Alikuwa ndani ya kibanda cha mlinzi, kwenye kiti chake cha magurudumu, begi mapajani.

"Nisamehe, abiria. Barabara mbovu."

Kipusa alikuwa na miaka tisa. Miguu yake ilipooza akiwa na mitatu, baada ya homa ya siku nne, na haikurudi tena. Kiti alipewa na shule, na kwenye sakafu kinakwenda vizuri tu. Ila nyumbani kwao kulikuwa juu kilimani, na njia ya kufika huko ni ngazi za saruji, mia na kumi na nane, nyembamba, zimebanwa na vyumba vya kupanga huku na huku. Kwa hiyo kila jioni kiti kililala kwa mlinzi, na Kipusa akafungwa mgongoni kwa shuka kuukuu kama mtoto mchanga, miguu mirefu ikining'inia mpaka magotini mwa mama yake.

Kila mlango kwenye ngazi zile ulikuwa na watu. Na hakuna aliyekuwa mtu mbaya. Wakimwona anapanda walijibana ukutani apite. "Pole, Mama Kipusa." "Pole sana, mama." "Mungu akutie nguvu." Siku moja alizihesabu, zikafika pole kumi na tisa kutoka chini mpaka juu. Hakuna hata moja iliyompokea begi.

Jioni hiyo, kwenye ngazi ya hamsini na kitu, goti lilimkatalia. Hakuanguka, alikaa chini kwa kishindo, mtoto mgongoni, mikono imeshika saruji. Kijana mmoja mwenye spika za masikioni akawaruka. "Pole, mama," akasema, akaenda zake.

Mama Kipusa alijaribu kuinuka. Akashindwa. Akajaribu tena.

"Jamani," alisema, si kwa kelele. "Hata mtu mmoja?"

Pazia moja likatikisika. Likatulia.

Halafu nyuma yake...

"Nikupokee, dada?"

Alikuwa amesimama ngazi mbili chini yao. Mwanamke wa makamo, mrefu, gauni la mikono mirefu, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Mama Kipusa hakuwa amesikia hatua. Alisikia harufu tu, na harufu hiyo aliijua vizuri kwa kazi yake. Nguo iliyokunjwa kabla haijakauka, ikasahaulika kabatini.

"Mtoto mzito huyu, dada yangu."

"Nimewahi kubeba wazito zaidi."

Mtu aliyechoka haulizi mara mbili. Mama Kipusa akalegeza fundo la shuka.

"Haya," akasema. "Nipokee."

Mwanamke akamchukua Kipusa kama mtu anayeokota mto kitandani. "Tangulia wewe," alisema. "Mimi niko nyuma yako."

Mama Kipusa akapanda mikono mitupu. Miaka sita hakuwa amezipanda ngazi zile mikono mitupu! Alipofika mlangoni alifungua kufuli, akawapisha; alipowasha taa, Kipusa alikuwa amekwisha kulazwa kwenye godoro. Akageuka kushukuru. Kizingiti kilikuwa kitupu.

Kesho yake mwanamke alikuwa hapo chini, ngazi ya kwanza. Kesho kutwa pia. Neno lile lile, jibu lile lile. "Tangulia. Mimi niko nyuma yako." Siku ya tatu Mama Kipusa alianza kumtafuta kwa macho tangu getini, moyo ukidunda asije akakosekana. Usiku alilala chali, jambo ambalo mgongo wake ulikuwa umelisahau. Kazini akaimba. Wenzake wakamtania kwamba kuna mtu kamtia wazimu.

Lakini kuna mambo aliyaona. Tusimsingizie kwamba hakuyaona.

Aliona kwamba Kipusa, mtoto wa mdomo, mtoto wa "dereva, punguza mwendo," hakuwa anasema neno kwenye ngazi. Na akifika ndani alilala hapo hapo, bila kula. Aliona kwamba majirani wameacha kumwambia pole. Akipita, milango ilirudishwa polepole, mmoja baada ya mwingine, na nyuma ya milango watu walinyamaza. Na siku ya nne, akimwosha mtoto miguu, aliona vidole. Vimechubuka vyote kumi. Kucha zimejaa vumbi la saruji.

Miguu hiyo haikuwahi kugusa ngazi.

"Umefanya nini hapa, mwanangu?"

Kipusa alikuwa amelala macho wazi nusu. "Sijui. Siumii."

Kweli hakuwa anaumia. Miguu ile haikuwa na hisia. Mama Kipusa akaipaka mafuta, akaifunika. Akajiambia labda yule mama ni mrefu, labda anamshika vibaya, kesho nitamwambia. Kesho ikafika, mashuka yalikuwa tisini, na jioni sauti ilipouliza, alijibu haraka, kama mtu anayeogopa kuachwa na basi.

"Nipokee."

Siku ya sita alipanda bila kugeuka. Giza lilikuwa linaingia, bado mtu angeweza kusoma namba milangoni. Akafika kwake, akatoa ufunguo, akasogea kando kuwapisha.

Hakuna aliyepita.

Akatazama chini. Ngazi tupu. Halafu akasikia harufu ile, nguo mbichi iliyooza. Ilitoka juu.

Mwanamke alikuwa mbele yake. Alipita saa ngapi? Alikuwa anapanda, mgongo umenyooka, na Kipusa kichwa begani kwake, uso umegeukia nyuma, anamtazama mama yake. Macho wazi. Ametulia kama mtu anayetazama dirishani safarini.

"Dada! Nyumbani ni hapa! Umepitiliza!"

Mwanamke hakusimama.

Juu ya mlango wa Mama Kipusa zilibaki ngazi kumi na moja tu, halafu tangi la maji, halafu ukuta. Alijua. Alikuwa ameishi hapo miaka. Akaangusha begi akapanda mbio. Tano. Nane. Kumi na moja.

Kumi na mbili.

Ishirini.

Tangi halipo. Ukuta haupo. Ngazi zinaendelea, na pande zote mbili hakuna tena milango.

"Dada, tafadhali! Nirudishie mtoto!"

"Ulisema nipokee," mwanamke alijibu bila kugeuka, kwa upole, kama anamkumbusha mtu aliyesahau. "Hukusema mpaka wapi."

Mama Kipusa akajirusha, akadaka mguu mmoja wa Kipusa. Akaung'ang'ania. Hapo hapo akahisi miguu yake mwenyewe inakufa, kutoka nyayo kwenda juu, baridi, nzito, si yake. Akaanguka kifudifudi. Hakuuachia ule mguu. Sasa alikuwa anaburutwa, saruji inamkwaruza kidevu.

Akapiga kelele. Safari hii kwa kelele kweli.

"Jamani! Nisaidieni! Nisaidieni jamani!"

Kutoka mbali, chini kabisa, akasikia jibu.

Kwa. Komeo limefungwa.

Kwa. Lingine.

Kwa.

"Mnanisikia!" alilia. "Najua mnanisikia! Mimi ni Mama Kipusa!"

Kimya... kisha komeo moja likavutwa kwa upande mwingine. Mlango ukafunguliwa. Viatu vizito vikaja mbio, mtu anahema, anajikwaa, anamwita Mungu. Mikono ikamkamata kiunoni. Ilinuka chuma kilichoungua.

"Nimekushika!" Ilikuwa sauti ya Baba Pacha, fundi wa kuchomelea, jirani wa mlango wa pili chini yake. "Usiachie! Mama Pacha! Njoo unishike!"

Mkewe akaja akamshika. Nyuma yake akaja muuza mkaa. Akaja yule kijana wa spika, zikiwa bado zinamning'inia shingoni. Wakashikana viunoni, watu saba, wanane, kwenye ngazi ambazo hazikuwepo.

"Vuta!"

Mwanamke akasimama. Akageuka.

Hakuwa na pembe wala meno marefu. Uso wa kawaida kabisa, wa mtu ambaye ungempisha kwenye foleni. Isipokuwa hakuwa na jasho. Midomo imefumba, kifua kimetulia. Ngazi zote zile, na hakuwa anahema.

Akawatazama mmoja mmoja.

"Mko wengi leo," alisema taratibu. "Mlikuwa wapi?"

Wakakaza mikono viunoni.

Akaachia.

Walianguka wote pamoja, lundo moja la watu, chini ya tangi la maji, kwenye ngazi ya kumi na moja. Kipusa alikuwa juu ya tumbo la mama yake. Akaanza kulia, na wengi wao siku hiyo ndipo waliposikia kilio chake mara ya kwanza.

Baadaye, ndani, taa imewashwa na mlango umezuiwa kwa meza, Baba Pacha alisema aliyokuwa nayo. Alizungumza akitazama sakafu.

"Sisi hatukumwona mwanamke yeyote, shemeji. Mpaka leo. Siku zote hizi tulikuona wewe unapanda mikono mitupu. Na mtoto nyuma yako..."

"Mtoto nini?"

"Ananing'inia. Hakuna aliyemshika. Anakufuata hivi, vidole vinakwaruza ngazi. Ilikuwa inatoa sauti. Hata pacha wangu walikuwa wakiisikia wanaziba masikio."

Mama Kipusa alivifunika vidole vya mtoto kwa shuka. "Mkanyamaza?"

"Tuliogopa."

"Na kabla ya hapo? Miaka yote ile mlikuwa mnaogopa nini?"

Mama Pacha ndiye aliyejibu.

"Mwanzo tulifikiri utaona tunakudharau. Halafu muda ukapita, tukaona haya kuanza. Mtu utaanzaje mwaka wa nne? Nilikuwa nakaa pale jikoni nahesabu hatua zako, nasema kesho nitatoka." Akafuta macho kwa upindo wa nguo. "Na si wewe wa kwanza, mwenzangu. Chumba hiki kabla yenu alikaa mama mmoja na mume wake kipofu. Alikuwa anampandisha kwa kumshika mkono, kila siku. Baadaye tukasikia amepata mtu wa kumsaidia. Tukafurahi! Yule bwana siku moja hakufika juu. Mkewe alihama bila kuchukua hata sufuria."

Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu. Yule mwanamke ni nani, anatoka wapi, aliwapeleka wapi aliowapokea, mpaka leo ni maneno ya kukisia tu.

Kesho yake jioni walikuwa sita wakimsubiri kwenye ngazi ya kwanza. Walibishana nani ambebe Kipusa. Kijana wa spika alishinda, akampandisha mbio mpaka juu huku mtoto akimpigia kelele kwamba leseni yake ni feki. Wiki ya pili walipanga zamu, wakaiandika kwa chaki ukutani. Miguu ya Mama Kipusa ilirudi, ingawa ule wa kushoto ulibaki mzito, hasa jioni.

Miezi ikapita. Mvua ikaifuta chaki. Muuza mkaa akahamia mtaa mwingine. Kijana akapata kazi ya zamu. Mtu akisahau siku moja, anaona haya siku ya pili, na siku ya tatu unamwona amejibana ukutani. "Pole, Mama Kipusa." Alibaki Baba Pacha, ambaye hakukosa, mpaka wiki aliyopata kazi ya mageti nje ya mji.

Jumatatu ya wiki hiyo Mama Kipusa alisimama chini ya ngazi akangoja. Akangoja tena. Mtoto alikuwa amefikisha kumi, ameongezeka kilo. Mwishowe akamfunga mgongoni, akaanza kupanda.

Kwenye ngazi ya sabini akasimama, mkono ukutani. Hakutaka kuita mtu. Siku hizi aliogopa kuita. Akiita, hakujua nani atasikia kwanza.

"Mama," Kipusa alisema sikioni mwake.

"Nini, mwanangu?"

"Unahema sana."

"Nahema, ndiyo. Umekua."

Mama Kipusa akasubiri utani wake. Haukuja.

"Yule," Kipusa akasema polepole, "hakuwa anachoka."

Na ile mikono miwili iliyokuwa imemzunguka shingoni ikaanza kulegea.

Mama Kipusa akaidaka. Akaibana kifuani kwake kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika, "Mama, unaniumiza." Hakulegeza. Akaweka mguu wa kushoto kwenye ngazi inayofuata, akavuta pumzi, akapanda.