Goti la Kambo Albertine

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Jenny alichemsha maji, akachovya kitambaa na kumkanda bibi yake goti la kulia. Kambo Albertine, kwani kwao bibi huitwa kambo, alikuwa amevunja mawe ya chokaa huko Kakontwe kwa miaka mingi, na goti lilikuwa limelika. Hata hivyo, kila alipomaliza kukandwa alipiga magoti sakafuni akaomba, na kumwinua ilikuwa kazi ngumu.

Jenny, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na haraka zake. Alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni huko Mulungwishi, lakini mama yake alikwishakata shauri: hakuna kuondoka mpaka Kambo atembee mwenyewe. Basi Kambo alipoitwa kwa daktari mpasuaji, Jenny alifurahi kuliko mgonjwa.

Daktari Ghislain alitoka Kinshasa na hakujua Kiswahili, wala Kambo hakujua Kifaransa. Alieleza kwa Kifaransa, Jenny akatafsiri. Sehemu iliyolika ingeondolewa na kuwekwa goti la bandia, la chuma na plastiki. Maumivu yangepungua sana. Kambo akatabasamu.

Daktari akaendelea. Mara chache vijidudu huingia kwenye kidonda, au damu huganda mguuni. Mazoezi baada ya upasuaji huuma, tena huchukua miezi. Watu wengi hupata shida kupiga magoti baadaye, na wengine hawawezi kabisa. Mgonjwa anaweza pia kungoja, akatumia dawa na mkongojo.

Jenny akamgeukia bibi yake.

"Anasema yote itakuwa muzuri, Kambo. Siku ya ine tutarudia, utaweka tu sinyatire ku karatasi."

Tangu hapo hakutulia. Darasani alijibu swali ambalo hakuulizwa. Nyumbani aliketi, akasimama, akaketi tena, kama kuku anayetaka kutaga. Jumatano wanawake wa kikundi cha maombi walikuja kumtembelea Kambo, naye akawaambia kwa furaha, "Bamama, nikipata goti ya mupya, nitapiga magoti miye peke yangu, bila kuinuliwa na muntu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Jenny akatoka nje, akafagia ua aliokuwa ameufagia asubuhi. Aliona haya, aliogopa, na bado aliitaka Mulungwishi.

Alhamisi, siku waliyopangiwa kurudi hospitalini kutia sahihi, Kambo alishika kalamu. Jenny akamkamata mkono.

"Kambo, ngoja! Nilikudanganya." Akaeleza yote aliyoyaficha, machozi yakimtoka.

"Juu ya nini, mutoto yangu?"

"Nilitaka upone mbio, niende ku masomo."

Kambo akaweka kalamu mezani. Uso wake ulikuwa na hasira. Kisha akamwomba muuguzi Émilienne, mama mtu mzima aliyejua lugha zote mbili, aketi karibu. Akamwuliza daktari maswali yake mwenyewe. Goti hilo litadumu muda gani? Kwa wengi, miaka kumi na mitano au zaidi. Na akikataa? Maumivu yataendelea, lakini hakuna atakayemlazimisha.

"Kosa ni langu pia," alisema daktari, na muuguzi akatafsiri. "Nilimbebesha mtoto kazi ya mtu mzima."

Kambo akapumua. "Bon. Minakubali. Nitaomba juu ya kiti. Lakini hapana leo. Muniachie kwanza siku ya Mungu."

Jumapili hiyo, kanisani, Kambo alipiga magoti. Jasho lilimtoka usoni kwa maumivu, lakini hakuinuka upesi. Jenny alipiga magoti kando yake, hajui pa kuweka mikono.

"Umenisamehe, Kambo?"

"Nimekusamehe. Lakini sikia. Goti ni yangu, Jenny. Hata habari ya kuogopesha ni yangu. Kama ningeweka sinyatire bila kujua, leo singekuwa hapa kuaga kupiga magoti. Muntu akikupatia maneno umupelekee mwenzake, peleka yote, hata ile itakuharibia safari."

"Ndiyo, Kambo."

Bibi akafumba macho, akaomba tena, kwa sauti ndogo. Halafu akanyoosha mkono.

"Haya. Sasa niinue."