Pumzi Hamsini na Nane

Paka aliacha kulala. Alichutama juu ya kitanda cha Kajuju, shingo mbele, mdomo wazi kidogo, tumbo likipanda na kushuka kwa nguvu. Ilikuwa saa nane mchana huko Timau, na ukungu ulikuwa umefunika mashamba ya ngano.

Kajuju alifia kwenye kitanda hicho majuma matatu nyuma, kwa pumu, akiwa na miaka tisa. Paka alikuwa wake.

"Anapumua kama yeye," Kiende, mama wa mtoto, alimwambia mumewe.

"Hiyo si paka," Mutuma alinong'ona. "Ni jini. Lilimmaliza mtoto, sasa limehamia hapo."

Kiende alimpigia simu Gikunda, daktari wa mifugo.

"Hesabu pumzi zake, dakika nzima."

Akahesabu. "Hamsini na nane."

"Zikipita arobaini akiwa ametulia, ni mgonjwa sana. Na huo mdomo wazi ni mbaya zaidi. Usimbane, usimnyweshe kitu. Mtie kwa katoni yenye matundu umlete saa hii. Jiko la makaa liko wapi?"

"Humu chumbani. Baridi, daktari. Hata Kajuju akiugua lilikuwa ndani."

"Litoe, Mama Kajuju. Fungua dirisha."

Jiko lilikuwa la moto. Kiende alimwachia Mutuma alitoe, akakimbia kwa jirani kuomba katoni.

Aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, magunia yamesokomezwa kwenye nyufa zote za mbao, na harufu ya ubani ilipenya hadi uani, na nyuma ya mlango alisikia pumzi zikikwaruza, zikikimbizana, na mumewe akisema kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto, "Toka, mwachie, toka, mwachie," mpaka zikakatika.

Mutuma alifungua. Macho yalimtiririka machozi.

"Limetoka," alisema.

Paka alikuwa amelala juu ya mto. Ulimi wake ulikuwa wa buluu.

Walimzika kando ya Kajuju. Kesho yake, saa nane, wakiwa wameketi jikoni, sauti ya pumzi ilianza chumbani. Kiende aliingia na saa. Kitanda kilikuwa kitupu. Katikati ya blanketi palibonyea, pakainuka, pakabonyea.

"Ngapi?" Mutuma aliuliza kutoka mlangoni.

"Hamsini na nane."

Kiende alilibeba jiko akalitoa nje. Akang'oa magunia, akafungua dirisha, ukungu ukaingia. Kisha akaketi kando ya kitanda, akaanza kuhesabu upya.